Kunyoosha Bodi ya Gari Baada ya Ajali: Pima Kabla ya Kuvuta

Gari likigongwa mbele kushoto, watu wote hutazama mbele kushoto. Fenda imekunjika, taa imevunjika, boneti imepanda. Mwenye gari anauliza bei ya taa, fundi anaulizia fenda ya mtumba, na baada ya siku chache gari linatoka gereji likiwa linang'aa. Baadaye tairi za mbele zinaanza kuliwa upande mmoja, usukani unavuta, na mvua ikinyesha maji yanaingia chini ya dashibodi. Nguvu ya pigo haikuishia pale ilipoonekana. Ilipita kwenye mihimili ikafika sakafuni na kwenye nguzo, na huko hakuna aliyepima.

Mwongozo huu ni wa fundi bodi, wa kijana anayejifunza kazi hii VETA (vyuo vya ufundi stadi vya Tanzania) au kwa fundi wa mtaani, na wa mwenye gari anayetaka kujua fedha yake inafanya kazi gani. Mfano nitakaoutumia ni Toyota IST ya kizazi cha kwanza, ile iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 2002, kwa sababu imejaa barabarani kwetu na kila gereji imeshaipokea. Umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma kwa gari hilo ni milimita 2370. Ishike namba hiyo, tutaihitaji.

Jua kwanza ni bodi ya aina gani

Hilux na Land Cruiser za mfululizo wa 70 zina chasisi ya ngazi: mihimili miwili mirefu iliyounganishwa kwa vyuma vya kukatiza, na bodi imefungwa juu yake kwa bolti na mipira. IST, Corolla, Probox na magari madogo karibu yote ni monokoki. Hayana chasisi ya kutenganishwa. Bodi yenyewe, yaani sakafu, nguzo, paa na mihimili mifupi ya mbele na nyuma, ndiyo inayobeba injini, magurudumu na abiria.

Monokoki haikutengenezwa iwe na ugumu sawa kila mahali. Béla Barényi, mhandisi wa Mercedes-Benz, ndiye aliyebuni wazo la sehemu za mbele na nyuma zinazokubali kukunjika ili chumba cha katikati kibaki imara, na mwaka 1959 wazo hilo liliingia kwenye magari ya mfululizo wa W111 ya kampuni hiyo. Leo kila gari dogo limejengwa hivyo. Ukitazama mhimili wa mbele wa IST utaona mikunjo midogo na matundu yaliyowekwa kiwandani kwa makusudi, ili mhimili ujikunje mahali palipopangwa. Fundi anayeziba mikunjo ile kwa kuchomelea bati nene juu yake, akidhani anaimarisha, anaipeleka nguvu ya ajali ijayo kwenye miguu ya dereva. Anabadilisha pia namna mshtuko unavyovifikia vihisio vya mifuko ya hewa, na mfuko unaweza kufunguka kwa kuchelewa.

Usalama kabla ya spana

Toa waya wa hasi wa betri na usubiri angalau sekunde 90 kabla ya kugusa usukani, dashibodi au nyaya za rangi ya manjano za mifuko ya hewa. Kama gari ni haibridi, kama Aqua au Prius, usifungue chochote chenye nyaya za rangi ya chungwa. Plagi ya kukata umeme mkubwa itolewe na mtu aliyefundishwa, akiwa amevaa glovu za umeme, kisha zisubiriwe dakika 10. Angalia pia petroli inayovuja, na ondoa vioo vilivyovunjika kabla mtu hajalala chini ya gari.

Soma dalili ukianzia mbali na pigo

Simama hatua kadhaa mbele ya gari, kisha nyuma, kisha kila pembe. Paa na bampa zinalingana? Gari limelalia upande mmoja? Halafu sogea karibu utazame nafasi kati ya bati na bati. Kwenye gari ambalo halijagongwa nafasi hizo huwa karibu milimita 3 hadi 5, na muhimu zaidi zinafanana kushoto na kulia na hazibadiliki kutoka juu kwenda chini.

Nafasi hizi zinazungumza. Kama nafasi kati ya mlango wa mbele na fenda imebana juu na kupanuka chini, inawezekana mbele ya gari imeinuka au nguzo A, ile iliyo kando ya kioo cha mbele, imesukumwa nyuma. Kama mlango wa mbele unagusa mlango wa nyuma, pigo limefika kwenye bawaba. Fungua mlango nusu uuachie: ukishuka, chunguza kwanza pini za bawaba, maana gari kuukuu linaweza kuwa na mlango uliolegea bila ajali yoyote.

Kisha tafuta alama ndogo mbali na pigo. Silanti iliyopasuka kwenye maungio ya bati, rangi iliyopata nyufa nyembamba karibu na mnara wa shokapu (mahali shokapu inapofungwa kwa juu), bati la paa lililofanya mawimbi juu ya nguzo B, ile iliyo kati ya milango miwili, kapeti iliyovimba kwa sababu sakafu chini yake imekunjika. Pigo la mbele mara nyingi huacha alama juu ya mlango wa nyuma, na huko ndiko fundi mwenye haraka haangalii.

Anayenunua gari asome dalili hizi hizi. Magari mengi ya mtumba yanayoingia Afrika Mashariki yanatoka kwenye minada ya Japani, na karatasi ya mnada yenye alama ya R au RA inamaanisha gari limewahi kutengenezwa baada ya ajali. Omba karatasi hiyo. Gari la R laweza kuwa zuri kabisa kama kazi ilifanywa kwa vipimo, ila bei yake isiwe ya gari ambalo halijawahi kuguswa.

Kupima: hapa ndipo kazi ilipo

Gereji kubwa zina benchi za kunyooshea zenye vipimo vya leza au vya mikono ya kielektroniki. Wengi hawana, lakini hiyo si sababu ya kukisia. Kwa timazi (uzi wenye uzito unaoning'inia wima), futi ya kupimia, uzi, chaki na mpira wa maji unaoonesha ndani, utapata majibu ya kutosha kuamua kama gari lirekebishwe hapo ulipo au lipelekwe kwenye benchi.

Weka gari kwenye sakafu ya saruji. Liinue juu ya stendi nne, uzifunge chini ya mikunjo ya kingo za pembeni ambako jeki huwekwa, magurudumu yaning'inie. Tumia mpira wa maji kama fundi mwashi anavyofanya anapopata usawa wa msingi: jaza maji, toa mapovu yote ya hewa, na linganisha usawa wa stendi zote nne. Rekebisha mpaka ziwe sawa. Ukiruka hatua hii, kila kipimo cha urefu wa kwenda juu utakachochukua baadaye kitakuwa cha uongo.

Gawa gari katika sehemu tatu: mbele, katikati na nyuma. Katikati ni chumba cha abiria, kuanzia chini ya miguu ya dereva hadi mbele ya magurudumu ya nyuma. Anza hapo. Chagua matundu manne ya kiwandani kwenye sakafu, mawili mbele na mawili nyuma, yaliyo mkabala kushoto na kulia. Shusha timazi kutoka katikati ya kila tundu hadi saruji na uweke alama ya msalaba kwa chaki.

Sasa pima alama hizo. Urefu wa kushoto dhidi ya wa kulia, kisha mshazari mmoja dhidi ya mwingine. Vyote vikilingana, katikati ni nzima na utaitumia kuhukumu sehemu nyingine zote. Mishazari peke yake haitoshi. Kama pande zote mbili zimefupika kwa kiasi kimoja, mishazari itabaki sawa huku gari limeharibika, kwa hiyo lazima urefu nao upimwe. Na kama katikati yenyewe haina pembe mraba, acha kazi hapo na umwambie mwenye gari ukweli: hilo ni gari la benchi yenye vipimo kamili.

Katikati ikiwa salama, tafuta nusu ya umbali kati ya alama mbili za mbele, na nusu ya umbali kati ya mbili za nyuma. Piga uzi wenye chaki kupita nusu hizo mbili na uurefushe hadi mbele na nyuma ya gari. Huo ndio mstari wa kati. Shusha timazi tena kutoka matundu ya mihimili ya mbele, bolti za krosmemba (chuma cha kukatiza chini ya injini) na sehemu za kufungia mikono ya sasipensheni, kisha pima kila alama hadi kwenye mstari wa kati na hadi kwenye alama za katikati. Mwisho pima kimo cha kila tundu kutoka usawa wako wa mpira wa maji.

Vipimo hivi vitakuonesha aina ya uharibifu. Mihimili yote miwili ikiwa imehamia kulia, mbele imelala upande. Mmoja ukiwa mfupi kuliko mwenzake, umejikunja. Tundu likiwa chini au juu kuliko la upande wa pili, mhimili umezama au umepanda. Kimo kikipishana kinyume mbele na nyuma, bodi imejisokota, na huo ndio ugonjwa mgumu kuliko yote. Chasisi ya ngazi ina ugonjwa wake wa ziada, pale mhimili mmoja unaposukumwa nyuma wote mzima na chasisi ikapoteza pembe mraba. Kwa Hilux, pima chasisi na kabini kila kimoja peke yake.

Mambo madogo yanayoharibu vipimo ni mengi. Ndoano ya ncha ya futi huchezacheza, kwa hiyo anzia kwenye alama ya sentimita 10 kisha utoe. Matundu yakiwa na kipenyo kimoja, pima ukingo wa kushoto hadi ukingo wa kushoto. Yakitofautiana, pima kingo za ndani, pima kingo za nje, jumlisha na ugawe kwa mbili. Usitumie tundu ambalo bati lake limepinda. Halafu jua kwamba gari si lazima lifanane pande zote mbili. Renault 4, kwa mfano, ilitoka kiwandani ikiwa na umbali wa ekseli usiolingana kushoto na kulia. Chati ya vipimo vya bodi ya mtengenezaji ndiyo hakimu. Ukiikosa, tafuta IST nyingine nzima, mwombe mwenyewe, uipime kwa matundu yale yale. Kwa gari lililojaa mtaani namna hii hakuna kisingizio.

Juu ya gari, kipimo kizuri ni fimbo ya kuteleza: mabomba mawili ya mraba ya alumini, moja likiingia ndani ya jingine, na pini mbili zenye urefu sawa kwenye ncha. Pima mshazari wa chumba cha injini kutoka bolti ya mnara wa shokapu hadi bolti ya sapoti ya rejeta (fremu ya mbele inayoishika rejeta) upande wa pili, kisha kinyume chake. Pima mnara hadi mnara. Pima mishazari ya kioo cha mbele na ya kila mlango. Andika kila kitu kwenye karatasi yenye mchoro wa gari, pamoja na tarehe. Monokoki nyingi hukubaliwa tofauti isiyozidi milimita 3 kutoka kipimo cha kiwandani. Tuseme umbali wa ekseli upande wa kulia ni 2370 na kushoto ni 2352: milimita 18 zimepotea mahali fulani, na kazi yako ni kujua kama zimepotelea kwenye mkono wa sasipensheni unaobadilishwa kwa bolti nne au kwenye mhimili wenyewe.

Kuvuta

Usikate mhimili ulioharibika kabla ya kuvuta, hata kama umeshaamua utabadilishwa. Bado umeshikana na bati la ukuta wa injini, na ukiuvuta unarudisha pia majirani zake. Ukiukata mapema umepoteza mshikio.

Bodi ifungwe kwa klampu nne kwenye mikunjo ya kingo za chini, imara kiasi kwamba nguvu yote iende kwenye sehemu iliyopinda. Wako wanaofunga mnyororo kwenye mwembe na kurudisha gari nyuma kwa nguvu ya injini. Njia hiyo haina kipimo wala mwelekeo, na inaweza kuhamisha sehemu ya katikati iliyokuwa salama. Tumia jeki ya haidroliki, nguzo iliyofungwa sakafuni, na mnyororo usio na pete iliyopasuka. Funika mnyororo kwa blanketi zito na asisimame mtu yeyote kwenye mstari wake. Klampu ikichomoka inaua.

Mwelekeo ni kinyume cha njia iliyopitwa na pigo, na kilichopinda mwisho ndicho kinachorudishwa kwanza. Kwa hiyo uharibifu wa mbali, ule wa karibu na nguzo, hutangulia, na bampa huwa ya mwisho. Mara nyingi mvuto mmoja hautoshi. Mmoja unavuta mbele, wa pili unavuta pembeni au unasukuma kutoka chini.

Vuta kidogo. Simama nguvu ikiwa bado imekaza, kisha gonga mikunjo na maungio ya jirani kwa nyundo juu ya kipande cha mbao ili chuma kilegee. Achia. Pima. Chuma hurudi nyuma kidogo kila unapoachia, hivyo itabidi upitilize kwa milimita chache ili kitulie mahali pake. Pima tena baada ya kila mvuto, pande zote mbili, kwa sababu unaporekebisha urefu unaweza kuharibu kimo. Kazi hii haina njia ya mkato, na fundi anayepima mara nyingi humaliza mapema kuliko anayevuta kwa macho.

Gesi ya moto iache. Mihimili na nguzo za magari ya sasa zimetengenezwa kwa chuma chenye nguvu ya juu, na nguvu hiyo ilipatikana kwa namna chuma kilivyopikwa na kupoozwa kiwandani. Ukikipasha moto mpaka kiwe chekundu, kinapinda kwa urahisi na bodi inaonekana imenyooka, lakini umeshakiua. Nguzo B zenye chuma kigumu kabisa hazinyooshwi. Hubadilishwa.

Kujua cha kunyoosha na cha kutupa, tazama kona ya mkunjo. Ukiwa wa mviringo mpana, bati huvutika likarudi. Ukiwa mkali kama karatasi iliyokunjwa, chuma hapo kimechoka na kitapasuka, ama leo ukikivuta ama kesho barabarani. Badilisha kipande, kwa kukata mahali ambapo mtengenezaji ameruhusu kuungwa, na uchomelee kwa mashine ya MIG au kwa nukta kama zile za kiwandani. Kabla ya kuchomelea kifunge kwa klampu, kipime, kishikize kwa nukta chache, kipime tena.

Magurudumu

Wili alaimenti hainyooshi bodi. Kwenye IST kinachorekebishika kwa urahisi ni tou ya mbele, yaani jinsi magurudumu yanavyoelekea ndani au nje yakitazamwa kutoka juu, kupitia tairodi (fimbo za usukani). Kemba (mwinamo wa gurudumu kwenda ndani au nje) na kasta (mwinamo wa mhimili wa usukani kwenda mbele au nyuma) zinategemea kila kitu kukaa mahali pake, kwa hiyo namba zake zikikataa, mashine inakuambia bado kuna chuma kilichopinda. Kupanua matundu ya shokapu kwa faili ili kemba ikubali ni kuficha ugonjwa.

Mashine ikiweza kusoma mwinamo wa kwenda ndani wa mhimili wa usukani, yaani mstari wa kufikirika kutoka juu ya shokapu hadi boljointi ya chini, itumie. Mwinamo ukiwa mkubwa kuliko kawaida, kemba ikawa ndogo, lakini jumla ya hizo mbili ikawa sahihi, basi mnara wa shokapu umeingia ndani au krosmemba imehama. Mwinamo ukiwa sahihi na kemba mbaya, kilichopinda ni shokapu au chuma kinachobeba hubu. Kipimo hiki peke yake kinaweza kukuepusha kununua shokapu mbili bure.

Ekseli ya nyuma ya IST ni boriti inayojipinda, na pigo la ukingo wa barabara huitosha. Ikipinda, badilisha. Kwa jaribio la haraka, mwagia maji sehemu kavu ya saruji, pitisha gari polepole usukani ukiwa umenyooka, kisha tazama nyayo. Alama za tairi za nyuma zikitoka nje ya za mbele upande mmoja zaidi ya mwingine, gari linakwenda mshazari kama kaa.

Kufunga mabati

Anza nyuma kuja mbele. Bati la ubavu wa nyuma halina marekebisho, kwa hiyo mlango wa nyuma unalifuata, mlango wa mbele unaufuata wa nyuma, fenda inaufuata mlango wa mbele, boneti inafuata fenda, na bampa na taa ni za mwisho. Anayeanza na bampa atarudia kazi.

Toa kishikio cha loki kwenye nguzo kabla ya kupanga mlango, ili uning'inie kwa bawaba tu. Ukikaa sawa hivyo, rudisha kishikio na ukifuatishe mlango, usiulazimishe mlango ukifuate. Boneti hurekebishwa kwenda mbele, nyuma na pembeni kwa matundu ya bawaba zake. Kimo cha mbele kinatokana na vipira na loki. Vipira viguse kabla loki haijakaza, la sivyo boneti itatetemeka kwenye mwendo.

Kama fenda mpya haikubali matundu yake na unashawishika kuyachonga, rudi kwenye karatasi ya vipimo. Sapoti ya rejeta bado iko nje ya mahali pake.

Puti iwe nyembamba, ya kulainisha tu. Sumaku ndogo ya friji itashindwa kushika mahali ambapo puti imejazwa nene, na mnunuzi mwerevu anajua hilo.

Kutu, maji na barabara

Ndani ya kila mhimili uliochomelewa rangi imeungua. Pulizia prima ya zinki kwenye maungio kabla ya kuunganisha, weka silanti kwenye mishono yote, na baada ya rangi nyunyizia nta ya kuzuia kutu ndani ya mihimili kupitia matundu yake. Kwa gari la Tanga, Mombasa au Unguja, ambako upepo una chumvi, kazi isiyo na nta itaanza kuoza kutoka ndani, mahali pasipoonekana.

Mtu akae ndani, mwingine amwagie maji kwa mpira kuanzia chini kwenda juu, kioo cha mbele, milango na buti. Kisha barabarani: usukani uachiwe kidogo kwenye njia tupu iliyonyooka, breki zikanyagwe, sauti za upepo zisikilizwe. Gari lenye kamera au rada ya breki lisawazishiwe vihisio hivyo kwa kompyuta, kwani hata mabano yake yakipinda kidogo huelekeza macho yake pabaya.

Mkabidhi mwenye gari nakala ya vipimo vya kabla na vya baada, pamoja na karatasi ya alaimenti. Mpangie arudi baada ya wiki mbili au tatu ukaze bolti za sasipensheni kwa kipimo chake, uangalie tairi zinavyoliwa, na upime mishazari ya chumba cha injini mara moja zaidi.